Nyama ya Kichina Isiyotiwa Chumvi

Mama yangu akija kunitembelea, hata mkoba hajautua, ananiuliza kama soya sosi ipo. Hataki pilau langu, hataki kuku wangu wa kuchoma, hataki chochote nilichojisumbua nacho tangu asubuhi. Anataka nyama ya Kichina, ile ya haraka haraka na mboga zake, na anataka kuipika mwenyewe huku akinisukuma kwa kiwiko nitoke jikoni kwangu. Juzi alikuja tena. Soya ilipogusa karai la moto, ile harufu ya kitu kitamu kinachotaka kuungua, na tangawizi ndani yake, ikajaa nyumba nzima. Mume wangu akatoka chumbani anameza mate. Mimi nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Watu wengine harufu ya chakula cha utotoni inawapa njaa. Mimi hii inanirudisha kwenye uwanja wa nyumba ya Bibi, Mfaranyaki pale Songea, jioni, geti limeshafungwa, na nasikia jina langu likiitwa kutoka jikoni.

"Lusiaaa! Njoo utie chumvi!"

Kwa wasiokulia kwetu, ngoja nieleze, maana nikisimulia mjini watu wananicheka. Nyumbani kwa Bibi, mzaa baba, mwanamke aliye kwenye siku zake hatii chumvi kwenye mboga. Maji atachota, kuni atapasua, ugali atausonga mpaka jasho limtoke, lakini chumvi si yake. Akiitia, walaji watapata kifua kisichopona, na wazee na watoto ndio watakaotangulia. Kwa hiyo anaitwa mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo, anakuja, anatia, anaondoka zake. Katika nyumba yetu mtoto huyo nilikuwa mimi peke yangu. Wakubwa walikuwa wawili tu, Bibi na Mama, na Bibi alishaapa kwamba mwenye mkwe haingii tena jikoni. Baba alikuwa dereva wa lori huko Mtwara, anakuja kama mvua za mwanzo, unasikia ngurumo tu halafu basi.

Hakuna aliyeniambia habari za siku wala za nini. Niliambiwa, "Mikono ya mama yako leo ina moto," basi. Nikaamini ni ugonjwa unaotokana na kupepea mkaa. Wakati mwingine nilimshika Mama mikono kwa siri nikaikuta imelowa maji, baridi tupu, nikasema moyoni, kweli Bibi si wa mchezo, anaona moto usioonekana.

Nilikuwa naichukia kazi ile. Ungekuta mchezo wa rede umenoga, nimebaki peke yangu katikati, wenzangu wote wameshatolewa, watoto wanashangilia, halafu, "Lusiaaa!" Nikichelewa, mboga inasubiri, na Bibi mwenye njaa hakuwa mtu wa kusubirishwa. Kulala kwa shangazi zangu sikuruhusiwa. Kwenda Hanga kwa babu mzaa mama likizo sikuruhusiwa. "Akiondoka huyu," Bibi alisema, "tutakula nini humu ndani, majani ya ng'ombe?"

Lakini ya chumvi haikuishia jikoni. Kila jioni, kabla ya tonge la kwanza, Bibi alikaa kwenye kigoda chake, ameshanawa, akauliza, "Nani katia chumvi leo?" Akijibiwa ni Mama, aliitikia kwa kichwa akala. Akijibiwa ni mimi, alishusha pumzi. "Haya. Na mwezi huu tena." Halafu alikula ameelekea ukutani. Mimi nikafikiri hapendi chumvi yangu. Jamani, nilihangaika! Leo natia kidogo, kesho naongeza, keshokutwa naichambua punje kwa punje, lakini Bibi bado anaelekea ukutani.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Bibi alikuwa analisoma tumbo la mkwe wake kwenye sahani. Mimi nikitia chumvi, maana yake hakuna mimba. Na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa napeleka habari, kwa mdomo wangu, kila mwezi.

Na habari hiyo ilikuwa ya kufa na kupona kwa Mama. Baada yangu alizaliwa mdogo wangu wa kiume, hakulia. Mama alipasuliwa, akavuja damu, akalala hospitali mpaka nikasahau sauti yake. Daktari akamwambia wazi mbele ya Baba kwamba tumbo lile limechoka, akibeba tena wanaweza wasimpate. Baba akakubali waanze uzazi wa mpango. Akakubali pia kwamba mama yake ataambiwa, tena atamwambia yeye mwenyewe, kwa wakati mzuri. Wakati mzuri haukufika. Alikuwa anamwogopa mama yake, mwanaume mzima anayeendesha lori usiku porini. Akaondoka kwenda Mtwara, akamwacha Mama ndani ya nyumba ya mtu mwingine na siri ya watu wawili.

Basi Bibi akangoja mjukuu wa kurudisha jina la Babu. Akangoja, akachoka, akaanza kumtaja binti fulani wa Maposeni. "Ana adabu yule binti. Ana afya. Nyumba haiwezi kukaa na mtoto mmoja kama kisima cha shule." Alisema hivyo huku anachambua maharage, hamwangalii mtu. Mama alikuwa hapo hapo anaosha vyombo. Angekwenda wapi? Kwao mahari ilishaliwa, na baba yake alishamwambia ndoa ya kanisani haina mlango wa nyuma. Alipokuwa anaosha vyombo siku hizo, alikuwa anakisugua kitu kile kile mpaka namwambia, "Mama, hiyo sufuria ilishatakata."

Aliyetuletea nyama ya Kichina ni Dada Zuhura, Myao wa Tunduru, mpangaji wa chumba cha uani. Barabara ya kwenda kwao ilipokuwa inatengenezwa, alifanya kazi jikoni kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wanaijenga. Nyama ya nguruwe hakuigusa, aliwaambia mapema kabisa, yeye ni wa ng'ombe na mboga tu. Mdomo wake ulikuwa hauna breki. Alipomwona Mama kila siku anachemsha nyama tangu saa nane mpaka magharibi, akashindwa kuvumilia.

"Mama Lusia, huyo ng'ombe unampikia au unamhukumu?"

"Sasa nifanyeje, nimpe mama mkwe nyama mbichi?"

"Niachie leo. Wewe kaa."

Alimwagia karai mafuta, akaliweka kwenye mkaa uliowaka mwekundu. Nyama ya steki aliikata kwa kisu alichokinoa kwenye ngazi. "Usizifuate nyuzi, zikate zenyewe. Nyembamba, kama unamkatia mtu asiye na meno." Akaichanganya na tangawizi, kitunguu saumu, unga kidogo wa muhogo ili ishike, na kimiminika cheusi kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo. Mafuta yalipoanza kutoa moshi Mama alirudi nyuma. "Ukiogopa moto usipike Kichina," Zuhura akasema, akaitupa nyama ndani. Ilipiga kelele ile nyama! Akaigeuza, akaitoa, zikaingia karoti, hoho na kabichi, akazigeuza huku karai linarukaruka, nyama ikarudi, cheusi kikaongezwa kidogo, akaipua. Karoti bado zilikuwa na rangi yake. Mimi nilizoea karoti zilizokata tamaa.

"Mboga gani hii inaiva kabla mtu hajamaliza Baba Yetu?" Mama akacheka. Halafu akaangalia mlango, akashusha sauti. "Na chumvi?"

"Ya nini? Hii inatosha. Wachina wangu hawakutia chumvi."

"Haitiwi kabisa?"

"Kabisa, mama. Chumvi hakuna humo."

Mama aliichukua ile chupa akaishika muda mrefu. Nilimwona anatabasamu, na nilikuwa nimeshasahau kwamba ana mwanya.

Tangu hapo sikuitwa tena. Mikono ya Mama ikiwa na moto, alipika Kichina. Nyama ikikosekana, Kichina cha kabichi na karoti. Na ili mtu asiunganishe mambo, alikipika hata siku nyingine. Bibi alipouliza nani katia chumvi, Mama alijibu kwa adabu, "Hiki hakitiwi chumvi, Mama. Ni viungo vyao Wachina." Bibi alilalamika kidogo kwamba kabichi inalia mdomoni kama kuni, lakini alikula, na sahani alifuta. Siku nyingine Mama aliposema, "Nimetia mimi," ilikuwa kweli.

Mngedhani nilifurahi. Nilicheza rede mpaka giza, nani kama mimi! Lakini baada ya siku kadhaa nilianza kuumia. Nilijiona nimefukuzwa kazi. Nilikuwa nakuja mwenyewe jikoni kuuliza, "Mama, leo je?" ananiambia, "Kacheze, mwanangu." Nikaona chupa ile nyeusi imechukua nafasi yangu, nikainunia.

Sasa upande wa Bibi. Bibi aliona mwezi umepita Lusia hajatia chumvi. Ukapita mwingine. Siku moja Mama anataka kubeba ndoo ya maji, Bibi akamnyang'anya. "Acha! Unataka kunitia aibu?" Alikuwa anacheka, macho yamejaa machozi. "Ulidhani sioni? Mimi nimezaa, mama."

Mama alisimama pale uani mikono imening'inia. Angeweza kusema, kwa nini hakusema? Nimemuuliza ukubwani. Akaniambia, "Mwanangu, ile jioni kwa mara ya kwanza hakumtaja yule binti wa Maposeni. Nikasema acha nipumzike leo, nitasema kesho." Na kesho yake Bibi alikuwa ameshawaambia kina mama wa jumuiya. Keshokutwa akampigia Baba simu kumpa hongera, amebonyeza sauti kubwa tusikie wote. Baba akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa, akasema, "Mama, mtandao unasumbua huku," ikakatika.

Hapo ndipo nyumba ilipogeuka chumba kimoja. Mama hakuruhusiwa kwenda sokoni, jua litamdhuru. Hakuruhusiwa kupita njia ya msibani. Hakuruhusiwa kula mayai, mtoto atazaliwa bila nywele. Geti lilifungwa, ufunguo uko kwenye pindo la khanga ya Bibi. Zuhura ndiye aliyetununulia nyama na soya. Bibi alimwekea mkwe wake kigoda kibarazani asubuhi, akamletea uji wa ulezi, akamsimamia mpaka amalize. Mama alikuwa anameza ule uji kama dawa. Kadiri Bibi alivyompenda, ndivyo alivyozidi kukonda. Nilimsikia akimwambia Zuhura dirishani, "Dada yangu, nimejifungia mwenyewe na sijui mlango uko wapi."

Ikaja baridi ya Songea, ile ya Juni na Julai inayoingia mpaka kwenye meno. Bibi akaanza kukohoa, kama alivyokohoa kila mwaka, lakini mimi miaka ya nyuma sikuikumbuka. Na siku hiyo hiyo, kwa kinyongo changu na ile chupa, nilikuwa nimeingia jikoni nikafungua kizibo nikakilamba.

Chumvi! Chumvi tupu, jamani, kuliko hata ya kwetu.

Nikakaa chini jikoni. Kumbe Mama anamtilia Bibi chumvi kwa mikono yenye moto, na Bibi anakohoa, na mimi ndiye pekee ninayejua. Nilimpenda Bibi, alikuwa ananiita mke mwenzake na kunifichia vipande vya muwa. Mama nilimpenda zaidi. Nikisema, Mama atafukuzwa. Nisiposema, Bibi atakufa. Kutwa nzima sikula, nikawa nazunguka uwanja kama kuku anayetafuta pa kutagia, na geti limefungwa.

Jioni ikaletwa nyama ya Kichina. Bibi alitia tonge la kwanza mdomoni, akakohoa. Akakohoa tena mpaka akashika kifua. Alipopata pumzi, aliitazama sahani.

"Mbona hii imekolea hivi? Hii ina chumvi. Nani katia chumvi humu?"

Mama alifungua mdomo, na mimi nikawahi.

"Mimi, Bibi."

"Wewe?"

"Mimi. Mama aliniita."

Niliona nimewaokoa wote wawili. Chumvi ikiwa yangu, haina madhara, Bibi hafi, Mama hana kosa. Nilikaa wima nikingoja mambo yawe mazuri. Bibi aliweka tonge chini. Alimtazama Mama, Mama akatazama mkaa. Bibi alinawa mikono, akaingia chumbani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia analia. Mama hakuninyanyulia mkono. Alinikumbatia tu akasema, "Nenda kalale."

Asubuhi niliamka nikakuta geti wazi, wanawake wanaingia na kandambili zimerundikana mlangoni. Mkeka umetandikwa sebuleni, Mama amekaa katikati, amefunikwa khanga mpaka kichwani. Bibi hakuwa mwongo. Yeye alijua mkwe wake ana mimba, jana akasikia nimeitwa kutia chumvi, akapiga hesabu kama ambavyo ungeipiga wewe. Damu imetoka. Kwa huzuni yake yote, alidamka alfajiri na baridi ile kwenda kuita wenzake waje wampe mkwe wake pole.

Waliingia na unga, na sukari, na mkungu wa ndizi. "Pole, mama. Mungu ana makusudi yake." Mama anaitikia ndani ya khanga, sauti haisikiki. Rozari ikaanza. Nimejibanza nyuma ya mlango, nikamsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Mtoto katoka jana jioni, wakati wa chakula."

Jana jioni, wakati wa chakula. Nikajumlisha. Wakati wa chakula palikuwa na kitu kimoja tu kilichotokea, neno langu.

Sikumbuki nilivyofika kwenye mkeka. Nakumbuka nilikanyaga mfuko wa sukari. Nilimwangukia Mama nikapiga kelele ambayo nadhani waliisikia mpaka barabarani.

"Mimi ndiye niliyemuua! Nilisema nimetia chumvi, sikutia! Sikutia, Mama! Mimi ndiye niliyemuua mtoto!"

Rozari ikakatika. Mama mwenyekiti wa jumuiya, mtu mzima mwenye sauti ya upole, akanishika bega. "Hapana, mjukuu wangu, usiseme hivyo. Mama Lusia, mwambie mtoto Mungu amemchukua mwenzake. Mwambie tu."

Na huo ndio uliokuwa mlango wa Mama kutokea. Leo ndiyo naona ulivyokuwa mpana. Mwanamke aliyeharibikiwa na mimba anahurumiwa. Angepumzishwa mwaka mzima, angeletewa uji, hakuna mtu angethubutu kutaja Maposeni mbele yake. Alichotakiwa ni kuniambia neno moja, Mungu, na mimi nikae nalo maisha yangu yote, nikiamini nimemuua mtoto.

Mama alijifunua ile khanga. Uso ulikuwa umevimba. Akanivuta akanipakata, na mimi nilishakuwa mkubwa wa kupakatwa, miguu yangu ikaburuta sakafuni.

"Lusia, nitazame. Hakuna mtoto aliyekufa. Hakukuwa na mtoto. Sikuwa na mimba."

"Mama Lusia," Bibi akasema kutoka mlangoni, ameshika birika la chai, "una homa. Lala kidogo."

"Sina homa, Mama. Nisamehe, lakini sina homa. Daktari alisema nikibeba tena nitakufa. Natumia kinga tangu nilipotoka hospitali. Na mwanao anajua."

"Mwanangu anajua?"

"Alikuwa amekaa kitandani kwangu daktari akisema. Aliahidi atakuambia."

"Na siku ile nilipompigia simu kumpa hongera?"

Bibi alitutazama mmoja mmoja kama anatafuta mtu wa kumwambia kwamba si kweli. Kisha akaliweka birika chini, akaja taratibu, akakaa kwenye mkeka pembeni ya Mama, akanyoosha miguu mbele kama wakaavyo wafiwa, akavuta khanga yake akajifunika uso.

Wale wanawake wakatazamana. Walikuwa wametoka majumbani kwao na baridi ile kuja kutoa pole, na pole zenyewe bado wanazo. Yule mwenyekiti ndiye aliyeanza. Alisogea kwa magoti, akatupita mimi na Mama, akamshika Bibi mikono yote miwili, akasema, "Pole, mama. Pole sana." Wa pili akafuata, na wa tatu, wote kwa mstari, na Bibi ndani ya khanga akawa anamwitikia kila mmoja, "Nimeshapoa, nimeshapoa," huku analia kwa sauti.